Maneno 300 kabla ya daladala: nilivyoumaliza mswada wa riwaya

Riwaya yangu haikuanza na wazo kubwa. Ilianza na vipande viwili vilivyokaa kwenye daftari miezi kadhaa, kila kimoja kwenye ukurasa wake. Cha kwanza: "Mama anauza kanga za harusi yake, doti saba, hazijakatwa wala kupindwa." Cha pili: "Kijana msibani anahesabu vikombe vya kahawa, anaandika hesabu kiganjani." Nilipoviweka pamoja swali likajitokeza lenyewe. Vikombe vinahesabiwa kwa sababu vimekodiwa. Na kanga je, zinauzwa kulipa deni la nani?

Ndiyo maana sisubiri ilhamu. Ipo, ila huja vipandevipande, na kazi ya daftari ni kuvitunza mpaka viwili vikutane. Daftari liwe dogo la kuingia mfukoni. Kila kipande kisizidi mistari mitatu: nani, mikono yake inafanya nini, amesema nini kwa maneno yake mwenyewe. Maoni siandiki. Ukiandika leo "dunia imeharibika", baada ya miezi mitatu hutakumbuka kilichoharibika. Ukiandika "bibi karudishiwa noti iliyochanika, kaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga bila kusema kitu", mhusika unaye tayari. Vipande vizuri nilivipata ndani ya daladala, kwenye baraza za kahawa, kwenye foleni ya zahanati na kwenye majina ya kanga. Katika mia hivi nilivyokusanya, kumi na kimoja tu ndivyo vilivyoingia kitabuni. Vingine havikuharibika, vinasubiri.

Sasa hesabu. Nililenga maneno 60,000. Maneno 300 kwa kikao, siku tano kwa wiki, ni 1,500. Wiki arobaini zinatosha. Nikaongeza wiki kumi na mbili za maradhi, misiba, mfungo na uvivu wa kawaida, na zote zilitumika. Kwa mwandiko wangu ukurasa wa kaunta buku hubeba maneno 200 hivi, kwa hiyo kikao ni ukurasa mmoja na nusu, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na robo. Jumamosi ni ya kuchapa kwenye kompyuta, si ya kuandika upya. Usijipime kwa hesabu za wanaoandika Kiingereza: "nilipomwona" ni neno moja tu kwetu, kwa hiyo maneno 60,000 ya Kiswahili ni kitabu kinene kuliko unavyodhani.

Kwa nini 300 na si 1,000? Kwa sababu wiki ya kwanza utaziweza 1,000, wiki ya tatu utakuwa na deni la 4,000, na mwenye deni hukwepa njia ya dukani. Kwangu siku iliyopotea hailipwi. Na kila kikao nilikifunga mhusika mmoja akiwa ameuliza swali ambalo halijajibiwa. Kesho yake alfajiri, akili ikiwa bado nzito, ninaanza kwa kujibu tu.

Mswada ulizama kati ya sura ya saba na ya kumi, na wengi huzama hapo hapo. Mwanzo huendeshwa na hamu ya mwandishi, mwisho huendeshwa na mtiririko wa matukio, katikati hakuna anayesukuma. Dalili yake ni wahusika kuanza kunywa chai sana. Dawa iliyonifaa ni jedwali la "nani anajua nini": wahusika upande mmoja, sura upande mwingine, na kwenye kila chumba siri anayoijua mtu huyo kufikia sura hiyo. Nikaona kwamba kuanzia sura ya sita wote walikuwa wanajua mambo yale yale. Nikamnyang'anya mama mmoja habari aliyopewa mapema mno, na sura tatu zikaamka. Sura ya kwanza sikuigusa. Anayerudi kuipamba sura ya kwanza kila akikwama ataishia kuwa na sura ya kwanza nzuri sana, basi.

Tatizo lililonila muda kuliko yote ni la lugha yenyewe. Kiambishi *a-* hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala ni yupi kati ya wawili waliopo. Tazama: "Rehema alimtazama Saida. Akajua amedanganya, akamwambia aondoke." Nani kadanganya? Nani aondoke? Wewe mwandishi unajua, msomaji anakisia. Kurudia majina kila sentensi kunachosha, kwa hiyo kwanza niliyageuza mawazo yawe maneno: "Rehema alimtazama Saida. Huyu mtoto kanidanganya. 'Ondoka,' alisema." Pale isipowezekana nilitumia uhusiano au kazi badala ya jina, kama shangazi, fundi, mpangaji. Au nilimpa mmoja "huyu" na mwingine "yule", bila kuwabadilisha hadi tukio liishe.

Kasoro hiyo hiyo ni hazina kwa mwenye kuandika upelelezi: unaweza kumficha mtu kitabu kizima. "Ndugu", "binamu", "mpwa" na "shemeji" havifichui kitu. "Wifi" hufichua papo hapo, sawa na baibui na kanzu.

Jirani wa tatizo hilo ni *-ka-*. "Akafika, akavua viatu, akaketi, akaitisha maji, akanywa" ni sawa kwa msimuliaji wa barazani anayebadilisha sauti, lakini kwenye karatasi hugeuka ngoma ya mdundo mmoja. Nikizidi nne mfululizo ninakata kwa *-ki-* ("akihema"), au kwa sentensi fupi isiyo na kitenzi. Na *-ka-* haijui kurudi nyuma. Ukitaka kusimulia ya mwaka uliopita katikati ya hadithi ya *-li-*, fungua kwa "alikuwa ameshaolewa", la sivyo msomaji atadhani harusi imefungwa jioni ile ile.

Hadithi yangu ni ya Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, kwa hiyo bahari ilinihoji pia. Katika rasimu ya kwanza wahusika wawili walivuka mkono wa bahari kwa miguu saa kumi alfajiri, usiku wa mwezi mpevu. Wangezama. Kwenye pwani hii, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Kisha kila siku huchelewa kiasi cha dakika hamsini. Nikawavusha saa nne usiku. Yafanyie hivyo masika, vuli, kusi na kaskazi: jedwali moja la miezi, lining'inie mbele ya meza. Msomaji wa pwani hatakusamehe jahazi linalosukumwa na kusi mwezi Januari.

Rasimu ikiisha, isomwe kwa sauti mbele ya mtu. Sura ya maneno 2,500 huchukua kama dakika ishirini na tano. Msikilizaji asisahihishe, aulize tu "nani?" anapopotea, nawe uweke alama pembeni bila kujitetea. Alama zangu za mzunguko wa kwanza zilikuwa zaidi ya mia mbili, karibu zote zikitokana na ile *a-*.

Kuhusu kutuma nitasema machache. Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo kimya chao si lazima kiwe hukumu juu ya kazi yako. Tuma muhtasari wa ukurasa mmoja, ukitaja na mwisho wa hadithi, pamoja na sura tatu za kwanza, kurasa zikiwa na namba. Pia zipo tuzo zinazopokea miswada ambayo haijachapishwa: ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ya Mwalimu Nyerere ambayo zawadi zake za kwanza zilitolewa Tanzania mwaka 2023. Soma masharti kabla ya kupeleka kazi ile ile sehemu mbili. Weka daftari la safu nne: ulikotuma, tarehe, tarehe ya kuulizia, jibu. Mimi huulizia baada ya miezi mitatu, mara moja, kwa sentensi mbili. Mchapishaji mmoja aliunyamazia mswada wangu miezi saba. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimeshamwandikia kwamba ninaupeleka kwingine, na hilo likaingia kwenye safu ya nne.