Bangi ya Dukani na Fomu ya Uraia

Nilipohamia Kent, kusini mwa Seattle, mwaka 2013, wapiga kura wa jimbo la Washington walikuwa wameshapitisha, Novemba ya mwaka uliotangulia, sheria inayomruhusu mtu mwenye miaka 21 na kuendelea kununua na kumiliki hadi wakia moja ya bangi, yaani takriban gramu 28. Maduka yenyewe yalifunguliwa Julai 2014. Mimi niliyekulia Tanga, ambako msokoto mmoja mfukoni ulitosha kumlaza mtu mahabusu na kuwaaibisha wazazi wake mtaa mzima, nilipita mbele ya duka la kwanza nikipunguza mwendo kama anayepita penye msiba. Mlangoni alikaa mlinzi aliyekagua kitambulisho cha kila aingiaye, hata awe mzee mwenye mvi tupu. Ndani, mitungi ilipangwa kwenye makabati ya kioo kama duka la viungo la Ngamiani, na pembeni ilisimama mashine ya kutolea fedha taslimu, kwa sababu kadi za benki hazikupokelewa.

Mashine ile ndiyo iliyonifanya niulize. Duka lina leseni, linalipa kodi ya jimbo ya asilimia 37 juu ya kila kinachouzwa, lakini mteja analazimika kuja na noti mkononi kama yuko gulioni. Jibu nililopewa ni kwamba benki nyingi zinaogopa fedha hizo, kwa kuwa serikali ya shirikisho ya Marekani bado inazihesabu kuwa ni mapato ya dawa za kulevya. Sheria ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika Jedwali la Kwanza, lile la dawa zinazobanwa kuliko zote, pamoja na heroini, na hakuna kura ya jimbo lolote inayoweza kuiondoa humo.

Mtanzania hulielewa jambo hili upesi akikumbuka mambo ya Muungano. Kwetu, Nyongeza ya Kwanza ya Katiba imetaja lipi ni la Muungano, na yasiyotajwa humo Zanzibar inajiamulia yenyewe. Marekani nako mamlaka yamegawanywa, ila yapo mambo ambayo jimbo na serikali ya shirikisho zote mbili zinaweza kuyatungia sheria, na dawa za kulevya ni mojawapo. Kwa hiyo California, Colorado au Washington inapoihalalisha bangi, kinachofutwa ni kosa lililomo katika vitabu vya jimbo. Lile la shirikisho linabaki palepale. Serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha polisi wa jimbo wawe askari wake, na maafisa wake wenyewe ni wachache mno kuzunguka kila duka. Maduka yanaishi katika mwanya huo.

Kesi iliyonisaidia kuona mwanya ulivyo ni ya Diane Monson, mgonjwa wa mgongo wa California aliyepanda miche sita ya bangi nyumbani kwake baada ya jimbo hilo kuruhusu matumizi ya tiba mwaka 1996. Agosti 2002 walifika kwake askari wa kaunti pamoja na maafisa wa shirikisho. Askari wa kaunti waliikagua miche ile wakaridhika kwamba haina kosa kwa sheria ya California. Wale wa shirikisho, baada ya mvutano wa takriban saa tatu, waliiharibu yote. Yeye na mwenzake Angel Raich walifungua kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2005 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba Bunge la Marekani lina mamlaka ya kukataza hata mmea uliopandwa nyumbani na usiouzwa kwa mtu. Uamuzi huo haujatenguliwa. Agosti 2013 Wizara ya Sheria iliwaandikia waendesha mashtaka wake waraka uliowataka wasiyasumbue sana majimbo yenye utaratibu mzuri wa kuidhibiti bangi, lakini Januari 2018 Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions aliufuta. Maduka hayakufungwa, ila wenye maduka walikumbushwa kwamba kibanda chao kimejengwa katika hifadhi ya barabara.

Raia wa Marekani anaweza kuyasoma haya yote na kuyachukulia kama mabishano ya wanasheria, kwa sababu polisi wa mtaani kwake ni wa jimbo na jimbo limeshamwacha. Sisi wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia, tuko mahali pengine. Uhamiaji na uraia ni mambo ya shirikisho peke yake, kwa hiyo afisa anayelishika faili lako haulizi jimbo lako limeruhusu nini.

Hili lilimkuta mpwa wangu. Alikuja mwaka 2017 kwa bahati nasibu ya viza, akafanya kazi ya kubeba mizigo ghalani hadi kiuno kikamkataa, na mwaka 2020 akapata kazi katika duka la bangi lisilo mbali na nyumbani. Yeye mwenyewe havuti hata sigara. Kazi yake ilikuwa kupima, kubandika lebo na kupokea fedha. Ilikuwa ya mchana, ya kusimama mahali pamoja, na ilimlipa kuliko ghala. Nilimwambia tu asimweleze mama yake, dada yangu, anauza nini. Hatari nyingine sikuiona, na hilo bado linanikera, maana ndani ya jamii yetu huku mimi ndiye niliyekuwa nikiwasaidia watu kujaza karatasi.

Mapema mwaka 2022 alikuja kwangu na fomu ya kuombea uraia. Tulikaa mezani, tukajaza majina, anwani na safari. Tulipofika sehemu inayouliza kama umewahi kuuza au kupitisha kwa magendo dawa zinazodhibitiwa, alicheka akasema, "Mjomba, hii hainihusu, mimi naajiriwa na duka lenye leseni." Kidole changu kilibaki juu ya maneno yale mawili, "dawa zinazodhibitiwa," maana fomu ile ni ya shirikisho. Nikamwambia tuifunge fomu kwanza.

Mwanasheria tuliyemwendea hakupepesa maneno. Alitueleza kwamba Aprili 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo unaosema kuwa shughuli zinazohusu bangi, pamoja na kuajiriwa katika biashara yake, zinaweza kumkosesha mwombaji sifa ya "tabia njema," hata kama zimeruhusiwa na jimbo. Na kwamba mwaka huohuo meya wa Denver, Michael Hancock, alilalamika hadharani baada ya wahamiaji kunyimwa uraia kwa kazi hizohizo. Ushauri wake ulikuwa mfupi: aache kazi, asiombe uraia mpaka ipite miaka 5 tangu siku ya kuacha, na akiulizwa asiseme uongo, kwa kuwa uongo mbele ya afisa wa uhamiaji una adhabu yake. Kisha akaongeza jambo ambalo hatukulitegemea. Asitoke nje ya Marekani. Mwenye kadi ya kijani anayerudi kutoka safari anaweza kuchukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na kwa anayeshukiwa kufanya biashara ya dawa za kulevya haihitajiki hukumu ya mahakama. Afisa akiwa na sababu ya kuamini tu, inatosha.

Mpwa wangu alimuuliza, kwa adabu, kama mwenye duka naye ana shida hiyo. Mwenye duka ni raia, akajibu mwanasheria.

Tangu siku ile nimekuwa msumbufu kwa kila Mwafrika Mashariki anayefika huku. Nawaambia wanaovuka kituo cha mpaka cha Peace Arch kwenda kwa ndugu zao Vancouver kwamba bangi ni halali upande wa Kanada tangu Oktoba 2018 na ni halali upande wa Washington, lakini mstari wenyewe unalindwa na shirikisho, na kukiri mbele ya afisa kwamba uliwahi kuivuta kunaweza kukufungia mlango hata kama hukukamatwa maishani mwako. Nawaambia wafute picha za kujionyesha mbele ya maduka hayo, kwa kuwa simu hukaguliwa. Madereva wenzangu wa malori siwaelezi sana. Wanajua kwamba kipimo cha mkojo ni cha Wizara ya Usafirishaji ya shirikisho, na tangu Januari 2020 anayekutwa na bangi huingizwa kwenye daftari ambalo kila mwajiri lazima alisome.

Wapo wanaonijibu kwamba mambo yatalegea, kwa kuwa mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ishushwe hadi Jedwali la Tatu. Naikubali habari hiyo, lakini sheria ya uhamiaji inazungumzia dawa yoyote inayodhibitiwa, na Jedwali la Tatu bado ni la dawa zinazodhibitiwa. Kinachobadilika hapo ni kodi ya mwenye duka na kazi ya mtafiti. Faili la mpwa wangu halibadiliki.

Aliacha kazi Machi 2022 na kurudi ghalani, zamu ya usiku. Dada yake aliolewa Tanga Julai iliyofuata, baada ya swala ya alasiri. Huku ilikuwa alfajiri, ndiyo kwanza ametoka kazini. Nilimkuta ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala, ameiegemeza simu kwenye usukani na bado amevaa fulana yake ya kuakisi mwanga, anatazama ndoa ikifungwa. Mama yake aliichukua simu akamuuliza, mbele ya watu, kwa nini hakuja hali nauli anayo. Alimjibu kwamba karatasi bado zinashughulikiwa.