Ninavyotunza rababendi za dukani zisikatike ovyo

Nina duka dogo Tanga, lenye uwakala wa pesa na fotokopi. Rababendi nazitumia kutwa: mabunda ya noti, risiti, mifuko ya sukari iliyokwisha kufunguliwa. Jirani yangu wa mboga naye huja "kuazima" za kufungia mchicha, na hajawahi kurudisha hata moja. Kwa hiyo nanunua pakiti kubwa ya jumla, na kazi ni kuifanya idumu chini ya bati kwenye joto la Februari.

Rababendi huharibika kwa sura mbili. Iliyokaa hewani au juani hukakamaa. Ukiivuta taratibu mbele ya mwanga unaona vinyufa vimeikata kwa upana, halafu inakatika. Iliyopikwa na joto hulainika, inanata kama bigijii iliyotafunwa, na huacha alama ya kahawia kwenye noti. Mteja hapokei noti ya namna hiyo bila maneno.

Nyingi zinatokana na utomvu wa mti wa mpira, ule ule unaogemwa Kihuhwi, wilayani Muheza, ukachanganywa na salfa na kupitishwa kwenye moto. Salfa huupa mpira nguvu, lakini haiuzuii kuliwa na oksijeni, na joto na mwanga huharakisha mambo. Kali zaidi ni gesi ya ozoni, ambayo huuandama hasa mpira uliovutwa. Ndiyo maana ile iliyozungushwa kwenye daftari la madeni hukatika mapema kuliko wenzake waliolala pakitini.

Basi pakiti ikifika naigawa kwenye chupa za kahawa zenye mfuniko wa kukaza, ili nikifungua moja nyingine zisipigwe na hewa. Kila chupa naitia poda kidogo ya mtoto, naitikisa, naikung'uta ya ziada. Poda inazuia kugandana tu, haifanyi muujiza. Chupa ya kioo inapitisha mwanga, kwa hiyo naizungushia karatasi ya kaki na kuiweka rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu ya saruji ambako kuna ubaridi. Mashine ya fotokopi iko upande wa pili wa duka, kwa sababu mashine za aina hiyo huweza kutoa ozoni. Za matumizi ya siku ziko kwenye kikombe chini ya kaunta.

Zilizogusa mafuta hazirudi chupani. Kijana wangu akitoka kula chipsi lazima anawe kwa sabuni kabla hajagusa kikombe. Ananiona mkorofi, lakini mafuta huvimbisha mpira na kuudhoofisha.

Wapo wanaoziweka kwenye friji. Inasaidia kweli, ila zikitoka zimekaza, inabidi uziache zipate joto kwanza. Friji yangu ni ya soda, na soda inaleta hela.

Pakiti niliyonunua kabla ya Ramadhani ya mwaka jana bado inavutika vizuri. Kwa vitu vya kukaa vimefungwa muda mrefu, kama mafaili ya zamani, situmii rababendi kabisa. Nakata pete za tyubu ya baiskeli, maana tyubu nyingi ni za mpira wa butili unaostahimili ozoni. Fundi baiskeli wa kona ananipa zilizochakaa bure.