Doa la maji kwenye tofali: jinsi nilivyokipata chanzo chake

Nyumba yetu ipo Uyole, Mbeya. Tuliijenga kwa miaka sita, kidogo kidogo, na tangu mwanzo mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba kuta za nje hazitapigwa lipu. Tulitaka tofali za kuchoma zionekane zenyewe. Nilikwenda hadi tanurini kuzichagua, nikazigonga mbili mbili nisikie kama zinalia, na zile zilizotoa sauti ya kufa nikazikataa. Tulihamia Agosti 2021, kiangazi kikiwa kimekolea, na ukuta ulikuwa mkavu na mwekundu kama nilivyoutamani.

Desemba mvua zikashika kasi. Asubuhi moja nikiwa nyuma ya nyumba naanika nguo, nikaona ukuta wa jikoni umelowa kuanzia chini hadi usawa wa magoti. Tofali zilikuwa zimegeuka rangi, nyeusi kabisa, na juu ya weusi ule palikuwa na mstari mweupe wa unga unaofanana na unga wa muhogo. Niliugusa, ukabaki vidoleni. Nililia, sitaki kuficha. Miaka sita ya kujinyima, halafu ndani ya miezi minne ukuta unaoza machoni pangu.

Nilimpigia simu fundi aliyejenga. Akaja, akautazama ule unga, akasema, "Mwalimu, hiyo ni chumvi ya tofali. Nyumba mpya zote zinatoa. Itaisha yenyewe." Jirani akasema tofali hazikuiva. Shemeji yangu akasema dawa ni vanishi: ukuta ukishapakwa vanishi, maji hayapiti.

Fundi hakukosea kuhusu chumvi. Tofali, saruji na hata mchanga huwa na chumvichumvi ndani yake. Maji yakiingia ukutani yanaiyeyusha, kisha ukuta unapokauka maji yanatoka usoni mwa tofali na kupotea hewani, chumvi inabaki. Nyumba mpya inatoa nyingi kwa sababu maji ya kuchanganyia udongo wa kujengea bado yanatoka. Lakini chumvi ya namna hiyo husambaa ukuta mzima, na hupungua kila msimu. Yangu ilijipanga mstari mmoja, upande mmoja wa nyumba, na kila mvua mpya iliirudisha. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, na sikushtuka.

Jambo dogo la kukusaidia ukiona weupe ukutani: kwangua kidogo, weka kwenye maji. Ukiyeyuka wote, ni chumvi ya kawaida, na unaisugua kwa brashi kavu siku ya jua. Usiioshe kwa maji, maana unairudisha ndani ikangoje kutoka tena. Usipoyeyuka, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, hiyo ni chokaa iliyotoka kwenye saruji na imegeuka ngumu, brashi haitoshi. Na kama una rangi ya kijani au nyeusi na unateleza, huo ni ukungu au kuvu, habari nyingine.

Tulipaka vanishi. Juni 2022 ukuta ulionekana umekauka, tukapaka mikono miwili, tukatumia shilingi 240,000. Ukang'aa. Wageni wakausifu.

Mvua ziliporudi, doa halikuishia magotini, lilifika kiunoni. Januari 2023 tofali zikaanza kubanduka uso, vipande vyembamba kama maganda ya mkate vikaanguka chini, na ndani yake tofali ni unga mtupu. Baadaye nilielewa kilichotokea. Maji hayakuwa yakiingia kupitia uso wa ukuta. Yalikuwa yakipanda kutoka chini, na kabla ya vanishi yalikuwa na mahali pa kupumulia, pale chini. Tulipoziba, yakatafuta njia juu zaidi. Chumvi nayo, badala ya kukauka nje ambako ingesuguliwa, ikawa inaganda nyuma ya vanishi, inavimba na kuisukuma ngozi ya tofali. Kwa ukuta wa tofali za kuchoma wenye unyevu ndani, vanishi ni kama kumfunika mtu mwenye homa kwa nailoni. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu bado naona watu wanashauriwa hivyo hivyo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa kanisani kwetu, aliyestaafu kazi ya usimamizi wa ujenzi. Nilimweleza kila kitu baada ya ibada, nikitegemea atanitajia dawa ya kupaka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, umewahi kusimama nje mvua ikinyesha ukautazama ukuta wako?"

Nikasema, "Hapana, mzee. Mvua ikinyesha nakuwa ndani."

"Basi hujaanza kutafuta. Doa linakuonyesha maji yanapotokea. Yanapoingilia ni kwingine."

Akaniagiza mambo matatu, nami nikaongeza yangu. La kwanza, penseli. Kila Jumamosi nilichora mstari mwembamba kwenye kingo za doa na kuandika tarehe. Doa linalopanda na kushuka kufuatana na mvua lina chanzo cha mvua. Doa linalobaki vile vile hata wiki ya jua ni la kulitazama kwa jicho la bomba. Langu lilifuata mvua, ila kwa kuchelewa siku mbili tatu. Hata hivyo nilihakikisha: usiku mmoja tulifunga bomba zote, nikasoma mita ya maji, asubuhi nikaisoma tena. Namba hazikusogea hata kidogo. Bomba la jikoni likatoka kwenye orodha.

La pili, tofali lenyewe. Nilichukua matatu yaliyobaki kwenye rundo, nikayakausha juani wiki nzima, nikayapima kwenye mizani ya dukani, nikayatumbukiza kwenye ndoo kutwa na kucha, nikayapima tena. Moja lilikuwa na kilo 2.6 likiwa kavu na kilo 3.0 likiwa limelowa, yaani limekunywa kama asilimia 15 ya uzito wake. Mzee akasema kwa tofali la kienyeji hilo si baya. Jirani hakuwa sahihi, tofali zilikuwa zimeiva.

La tatu ndilo lililonifungua macho. Nilichukua kipande cha nailoni nzito chenye upana wa mita moja na nusu, nikakiegemeza mbele ya ukuta kama hema, bila kuugusa, ili matone yanayoruka kutoka chini yasifike kwenye tofali. Kando yake nikasimamisha vipande vya boksi kavu. Kisha nikangoja mvua, na mvua ilipokuja nikatoka na mwavuli, nikasimama.

Nilichokiona hakihitaji usomi. Hatukuwa tumeweka gata. Maji yote ya paa la nyuma yalikuwa yanaanguka kwenye sakafu ya zege inayozunguka nyumba na kuruka kurudi ukutani. Boksi zililowa hadi sentimita 30 kutoka chini. Nikadhani nimemaliza: kumbe ni matone tu! Lakini wiki mbili baadaye nilipoitoa ile nailoni, sehemu niliyoikinga ilikuwa imekauka juu, na kozi tatu za chini, yaani mistari mitatu ya kwanza ya tofali, zilikuwa bado zimelowa chapachapa. Matone hayakuzifikia. Basi maji yalizifikia kwa njia nyingine.

Kitu kingine nilichokiona siku ile ni kidimbwi. Mvua ilipokata, maji hayakuondoka kuelekea bustanini. Yalisimama kwenye ukuta, ukanda mwembamba wa maji urefu wote wa jikoni, na yalikaa hapo hadi jioni. Nikamwomba mwanangu gololi. Nikaiweka katikati ya ile sakafu, nikaiachia. Ikaviringika taratibu hadi ukutani, ikagonga tofali. Nikaiweka mahali pengine, ikarudi pale pale. Nilijaribu sehemu saba. Sita zilikwenda ukutani.

Sasa nieleze kuhusu dipisii, kwa sababu hapa ndipo kiini kilipo. Msingi unapokamilika, kabla ya kuanza kupandisha ukuta, fundi hutandika nailoni nzito juu yake, na hiyo ndiyo dipisii. Kazi ya nailoni hiyo ni kukata njia ya maji. Tofali na saruji vina vitundu vidogo mno, na maji hupanda ndani yake yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Nailoni ikiwepo, maji ya ardhini yanaishia kwenye msingi. Ndiyo maana ardhi ya nje, au chochote unachokijenga nje, kinatakiwa kiwe chini ya ile nailoni, angalau sentimita 15.

Fundi wangu aliiweka. Nina picha kwenye simu, nilikuwepo. Kwa hiyo kila aliyeniambia "hawakuweka dipisii" nilimbishia, na nilikuwa na haki. Ila sakafu ya nje ilijengwa miezi kumi baadaye na fundi mwingine. Na mimi ndiye niliyemwambia ainyanyue, kwa sababu niliogopa maji ya kiwanja kinachotuzidi kimo yasiingie ndani. Tulipofukua sehemu ndogo karibu na mlango wa jikoni, tukaikuta nailoni ikichungulia kati ya kozi, sentimita 11 chini ya uso wa ile sakafu. Zege lilikuwa limemwagwa likashikana na tofali zilizo juu ya nailoni. Maji yaliyokuwa yakisimama kwenye kidimbwi yalikuwa yanaingia kwenye tofali kutokea ubavuni, juu ya kinga, kisha yanapanda bila kizuizi chochote. Nailoni ilikuwa nzima kabisa. Mimi ndiye niliyewajengea maji daraja la kuivuka.

Nilikaa chini pale pale kwenye kifusi. Nilisikia maumivu na nafuu kwa pamoja, maana kitu chenye jina kinaweza kutengenezwa.

Kazi tuliifanya Mei na Juni 2023, mvua zilipokata. Vijana wawili walikata zege ukanda wa sentimita 40 kandokando ya ukuta wote wa nyuma, wakachimba hadi chini ya nailoni, wakaweka bomba lenye matundu lenye mteremko wa kuelekea mtaroni, wakajaza kokoto hadi juu. Sakafu iliyobaki ilichongwa na kumwagwa upya ikiwa na mteremko wa kwenda bustanini, sentimita 2 kwa kila mita, na safari hii niliipima mwenyewe kwa ubao na pima maji kabla zege halijashika. Tuliweka gata zinazopeleka maji kwenye simtanki, kwa hiyo sasa tuna maji ya kufulia pia.

Vanishi ndiyo iliyotutesa kuliko vyote. Hatukutaka kutumia msasa wa mashine kwa sababu ungekula uso wa tofali ulioiva, na ndani ni laini. Tuliitoa kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi ngumu, kipande kwa kipande, wikendi kwa wikendi.

Halafu tukaacha. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaivumilii. Mzee aliniambia ukuta uliolowa ndani ukauhesabie mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na wangu una kama sentimita 22. Kila wiki nilisugua chumvi kwa brashi kavu na kuikusanya kwenye kibeseni, isianguke chini ikarudi ardhini. Ilitoka nyingi sana Julai na Agosti, hadi mume wangu akawa na wasiwasi kwamba tumeharibu zaidi. Ilikuwa dalili njema, ukuta ulikuwa unakauka. Tofali 34 zilizobanduka tulizibadilisha mwaka uliofuata, na viungo tukavipiga upya kwa mchanganyiko usio mkali, ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga. Kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, unyevu unatokea kwenye tofali, na ni tofali linaloumia.

Lilibaki doa la pili ambalo nilikuwa nalichanganya na hili muda wote: michirizi miwili ya kahawia chini ya dirisha la watoto, mmoja kila pembe. Hilo halikuwa na uhusiano na chini. Zege la chini ya dirisha halikuwa limetokeza nje ya ukuta, kwa hiyo maji ya kwenye kioo yaliteremka moja kwa moja kwenye tofali. Fundi alimwaga jipya linalotokeza sentimita 5, na upande wake wa chini akachora mfereji mdogo unaolazimisha tone lianguke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Ilikuwa kazi ya siku moja.

Mistari ya penseli bado ipo kwenye ukuta wa jikoni, sijaifuta. Wa juu kabisa umeandikwa 28/1/2023. Wa mwisho kuchora ni wa Februari 2024, upo kwenye kozi ya pili kutoka chini, na mvua za mwaka ule zilipoisha ulikuwa bado uko juu ya sehemu kavu.