Risasi Haikutoka Mbinguni

"Kazi ya Mungu haina makosa, mama."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeitamka misibani mara nyingi mno, hata ikawa inatoka mdomoni kabla sijaifikiria. Siku hiyo nilimwambia mama aliyekuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kitabu cha nyimbo cha mwanawe mapajani. Kijana alikuwa na miaka 22, mwimbaji wa besi katika kwaya yetu. Usiku wa kuamkia jana yake alikuwa akirudi kutoka kazini, majambazi waliokuwa wanakimbia wakafyatua risasi ovyo, moja ikampata shingoni. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa anapita tu.

Mama aliinua uso akanitazama. Hakupandisha sauti.

"Hii ni kazi ya Mungu, mwanangu?"

Nilinyamaza.

"Nakuuliza wewe uliyesomea Biblia. Mungu ndiye aliyeshika bunduki?"

Wanawake waliokuwa karibu wakamshika mabega. Nyamaza, mama. Usikufuru, mama. Hilo neno la mwisho lilinichoma, kwa sababu aliyekufuru nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemsingizia Mungu mauaji, tena mbele ya mzazi wa aliyeuawa, na anayekanywa akawa yeye.

Nilitaka kumwomba radhi, ila kabla sijapata neno simu ikaanza kulia juu ya kabati. Ilikuwa ya marehemu. Kengele aliyoitega mwenyewe, saa kumi jioni, na kwenye kioo kimeandikwa MAZOEZI, kwa herufi kubwa. Kila Jumamosi tulikuwa tunamgombeza kwa kuchelewa kwaya. Mdogo wake aliichukua, akabonyeza huku na huku, hakujua pa kuizimia. Akamtazama mama.

"Iache," mama akasema. "Iache ilie."

Ikalia mpaka ikachoka yenyewe. Sisi watu wa kanisa, tuliokwenda pale na maneno tele, hatukuwa na hata moja.

Usiku ule sikulala. Niliifungua Biblia nikiitafuta ile sentensi yangu, sikuiona popote. Nilichokiona ni Kaini amemuua ndugu yake, na Mungu hasemi kwamba wakati wa Abeli ulikuwa umefika. Anauliza, umefanya nini? Anasema damu ya Abeli inamlilia kutoka ardhini. Yaani katika mauaji ya kwanza kabisa Mungu yuko upande wa damu iliyomwagika, na anamuuliza muuaji mwenyewe. Nilikuwa nimesoma sura hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiona hivyo.

Asubuhi nilimwendea mchungaji. Ratiba ya mazishi ilinipangia kusoma Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Nikamwambia siwezi. Ayubu aliyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Mimi nina haki gani ya kumsemea mama huyu? Mchungaji alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia nichague somo lingine, ila nisome tu, nisihubiri.

Nilisoma Yeremia 31:15, Raheli akiwalilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa." Nilipofika hapo mama, ambaye tangu afikishwe kaburini hakuwa ametoa sauti, alilia. Alilia kwa nguvu, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha. Dada mmoja mzee wa kwaya aliketi chini kwenye udongo karibu naye, akamwegemea bega, akalia naye. Sikumwona akifungua kinywa kusema lolote. Marafiki wa Ayubu nao walianza hivyo, siku saba chini pamoja naye bila neno. Walikuja kuharibu walipoanza kueleza.

Kuna jambo lingine la siku ile ambalo bado linaniuma. Baada ya mazishi mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwomba mama atangaze mbele ya watu kwamba amewasamehe wauaji. Mama alimjibu kwa heshima: "Mzee wangu, sijafika huko. Msinikimbize."

Naamini katika kusamehe. Bwana wetu aliwaombea waliomsulubisha. Lakini Bwana huyohuyo alimlilia Lazaro, hali akijua anakwenda kumfufua, na hakumwambia Martha wala Mariamu wafute machozi. Tunapomdai mfiwa msamaha kabla udongo wa kaburi haujakauka, mara nyingi tunatafuta amani yetu sisi, tuondoke pale tukiwa wepesi.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi kumwona. Nilimwambia nimekosa, akasema anajua. Tukakaa. Halafu akaniuliza, "Kanisa linaweza kufanya nini juu ya hizi bunduki, zaidi ya kuzika watu?"

Nikamsimulia habari za Msumbiji. Vita viliisha kule mwaka 1992, silaha zikabaki zimefichwa majumbani na ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, likaanza kuwaambia watu walete bunduki, wapewe majembe, baiskeli, cherehani. Walilishika neno la Isaya, panga ziwe majembe, wakalifanya kama lilivyoandikwa. Vipande vya silaha zilizoharibiwa walipewa wasanii.

Mama alisikiliza akiwa ameinama. "Walizikata?"

"Walizikata, mama."

"Kabisa? Isije ikawa kimebaki kipande kinachofaa."

Nilimtafutia kwenye simu picha ya kiti alichokitengeneza msanii Kester mwaka 2001, chote kwa vipande vya bunduki. Aliishika simu karibu na macho. Akapitisha kidole taratibu juu ya picha, kwenye mikono ya kiti, kwenye miguu, kwenye mitutu isiyo na pa kuelekea. Alikaa nayo muda mrefu.

"Mimi nisingekikalia," akasema, akanirudishia simu. "Lakini wamezikata."