Mkwasa, kulikoni?

"Baba, kwani kocha ndiye aliyekosa hilo bao?" Mwanangu aliniuliza juzi kwenye meza ya magazeti pale Mwenge. Ukurasa wa mbele ulikuwa na uso wa kocha peke yake. Mawazo yakanipeleka Novemba 2015, usiku timu yetu ya taifa, Taifa Stars, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, ilipofungwa na Algeria saba bila.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Jumamosi ya tarehe 14, Uwanja wa Taifa, Stars iliongoza 2-0 kwa mabao ya Elias Maguli na Mbwana Samatta, halafu Islam Slimani akarudisha yote mawili. Jumanne, marudiano Blida, Algeria, kufuzu Kombe la Dunia 2018. Mezani kwetu gazetini kulikuwa na kurasa mbili za mbele zilizokwisha pangwa, moja ya kusonga mbele na moja ya kutolewa. Ndiyo kawaida kwa mechi ya usiku, maana magari ya kupeleka magazeti Mbeya na Mwanza hayamsubiri mwamuzi. Bao la nne lilipoingia, ule wa furaha tukauondoa kwenye kompyuta.

Kazi ikabaki kwenye kichwa cha habari. Ukurasa wetu ulikuwa na sentimita 25 hivi za kuchapa kwa upana. Herufi nene za pointi 120 (kipimo cha ukubwa wa herufi) zinaingia kumi na mbili kwa mstari, tena ukizibana. "Taifa Stars yafungwa Algeria" haiingii. "Mkwasa" ni herufi sita. Simu yake haikupatikana, na bila kauli yake huwezi kuandika kwamba amejitetea wala amekiri. Mhariri wa zamu akaandika MKWASA, chini yake KULIKONI? Ile alama ya kuuliza ndiyo kinga ya gazeti: hujamtuhumu mtu, umeuliza tu. Msomaji anayepita na daladala haioni.

Picha nayo. Blida hatukuwa na mpiga picha, na za mashirika zilizoanza kuingia zilikuwa za Waalgeria wakishangilia. Hizo Kariakoo haziuzi. Tukarudi kwenye za Jumamosi. Ilikuwepo moja ya Mkwasa kando ya uwanja, kidole juu, mdomo wazi, anawaelekeza mabeki wakati timu iko mbele. Msanifu kurasa akaikata kifuani, akaondoa benchi lililokuwa limesimama linacheka nyuma yake, akaongeza kiza kidogo pembeni. Kwa dakika tano tu, yule mtu aliyekuwa anaongoza 2-0 akawa mtu anayezama. Picha ni ya kweli, hakuna kilichobandikwa.

Niliomba kamstari kadogo chini ya kichwa: hawa Algeria ndio walioipeleka Ujerumani muda wa nyongeza Kombe la Dunia Brazil 2014. Kakaingia toleo la mikoani. Toleo la Dar kakaondolewa, tangazo la dakika za mwisho lilitaka nafasi. Kwa hiyo Mbeya walijua Stars ilicheza na nani, Dar wakajua kocha ni nani.

Gazeti liliuzika. Alhamisi Simba na Yanga zikarudi mbele kama kawaida, Stars ikaenda ndani.

Siwezi kusema alionewa. Kocha wa taifa anajua kazi inakuja na hilo. Mwenyewe aliingia Juni mwaka huo baada ya kocha Mart Nooij kutimuliwa kwa kipigo cha 3-0 cha Uganda kule Zanzibar, na sisi tulikuwa tumeshampa Nooij uso wake wa mbele. Ninachojua ni kwamba uamuzi ule ulifanywa na upana wa karatasi kuliko na mpira.

Machi 24, 2019 tukaifunga Uganda 3-0, tukafuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Mbele tukaweka wafungaji: Msuva, Nyoni, Morris. Kocha Emmanuel Amunike alikuwa ukurasa wa ndani, picha ya safu moja. Julai, baada ya mechi tatu na vipigo vitatu kwenye fainali hizo kule Misri, akapewa ukurasa mzima. Jina lake lina herufi saba tu, likaenea bila kubanwa.