Makumbusho ya kugusa kwenye stoo ya madawati

Sisi wa Iringa hatuna uhaba wa historia. Shuleni kwetu tulichokosa ni vitu vya mtoto kushika. Kule Kalenga, fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limewekwa ndani ya kioo, na ndivyo inavyostahili. Isimila, zana za mawe zimetapakaa korongoni, ila Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kujichukulia. Basi nilipopewa stoo iliyojaa madawati mabovu niifanye makumbusho, nilijiwekea sharti moja: kisiingie kitu ambacho mtoto hatakishika na kukifanyia kazi.

Nilianza na Isimila. Fundi mawe mmoja alinichongea mashoka ya mkono kwa kuangalia picha, akawa anacheka muda wote kwamba mwalimu analipia mawe. Watoto waliyageuzageuza viganjani mpaka yakakaa, wakayatumia kubandua maganda ya mkaratusi. Hapo hakuna aliyeniuliza tena kama watu wa kale walikuwa na akili.

Kazi ikawa kwenye muda. Kipimo cha urani kiliipa Isimila umri wa takriban miaka 260,000, na tarakimu hiyo ubaoni haimwambii mtoto lolote. Tukachukua kamba, sentimita moja iwe mwaka mmoja. Umri wao wote uliishia kwenye upana wa kiganja na kidogo zaidi. Uhuru wa 1961 ukakaa umbali wa mkono mmoja. Lugalo, pale Wahehe walipokivizia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao Emil von Zelewski, Agosti 17, 1891, haikufika hata mita moja na nusu. Na Isimila? Wakapiga hesabu: kilomita 2.6. Kamba ya kununua urefu huo sikuwa na hela yake, kwa hiyo tuliiacha darasani, tukatoka kwa miguu. Tulipita mashine ya kusaga, tukapita kijiwe cha bodaboda, tukashuka bondeni na kupanda tena, na wadogo wakaanza kulalamika kiu. Tulipofika, mmoja akageuka kutazama tulikotoka, akasema, "Mwalimu, kumbe Mkwawa ni wa juzi tu!" Somo hilo nisingeweza kulifundisha kwa chaki.

Kimondo cha Mbozi kiko mbali na nauli ya darasa zima haikupatikana. Kina takriban tani 16, karibu chote chuma kilichochanganyika na nikeli. Kwa muuza vyuma chakavu nilipata kipande cha chuma, nikatafuta jiwe la ukubwa uleule, nikaviweka kando ya mizani pamoja na sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu. Chuma kilizidi jiwe karibu mara tatu kwa uzito. Kisha nikawauliza: tani 16 ni watoto wangapi wa kilo 40? Jibu ni 400, na walibishana kama shule yetu ingetosha.

Vitu vya nyumbani vilinichosha zaidi. Barua nilizowatuma watoto nazo hazikuleta hata kibuyu. Vyote nilivyopata nilivifuata mwenyewe nyumba kwa nyumba, na daftari mkononi: jina la mwenye kitu, hali yake, tarehe ya kurudisha, sahihi ya pande zote mbili. Wazee walilipenda lile daftari kuliko maelezo yangu. Kwa bibi mmoja, baada ya salamu ya kamwene na mazungumzo marefu ya mvua, nilipewa mbeta, chombo cha mwanzi cha kugemea ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi. "Mbeta tupu nakupa, mwanangu. Ulanzi utajinunulia."

Ulanzi haukuingia shuleni, bila shaka. Ili waone unavyochachuka, tulitia sukari na hamira kwenye chupa ya maji ya vuguvugu, tukavisha puto mdomoni, likavimba mbele ya macho yao. Bibi alikuja mwenyewe kueleza kwa nini ncha ya mwanzi hukatwa kila siku ili utomvu uendelee kutiririka. Alifundisha vizuri kuliko mimi, na akamkemea mwalimu mwenzangu aliyekuwa anapiga simu.

Sasa wanafunzi wakubwa ndio wanaopokea wageni, na mimi nabaki na daftari. Kinachonisumbua ni kufuli. Kamati ya shule imeahidi mlango wa chuma, maana sumaku zinaondoka na wageni na spika mbovu zimeanza kuadimika mtaani.