Mtihani wa lena: elewa sababu, usikariri majibu

Watu wengi wanaojiandaa na mtihani wa nadharia ili wapate lena, yaani ile leseni ya kujifunzia, wanafanya kitu kimoja kinaniuma sana. Wanatafuta rundo la maswali na majibu wanaanza kukariri, swali la kwanza B, la pili A, la tatu D, mpaka kichwa kinajaa herufi tupu. Afu wanaingia kwenye chumba cha mtihani wanakuta swali ni lilelile ila limegeuzwa, badala ya "unaruhusiwa" limeandikwa "huruhusiwi" na majibu yamepanguliwa, hapo mtu jasho linaanza kumtoka. Jamani kila sheria ya barabarani ina sababu yake, ukishaijua sababu hata walipindue swali vipi utalijibu tu.

Anza na kitabu rasmi cha mamlaka inayotoa leseni huko ulipo, hata kama ni PDF kwenye simu sawa, app za mazoezi zije baadaye. App nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine na sheria hazifanani. Mfano mdogo, majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu kukata kulia taa ikiwa nyekundu mradi usimame kabisa kwanza na uwapishe wenye haki ya kupita, sasa ukienda kulijibu hilo kwenye nchi ambayo nyekundu ni nyekundu tu, umekosa. Upande wa kuendesha, spidi ya mjini, kiwango cha pombe, hizo zisome kwenye kitabu chenu na hizo ndo za kukariri kweli, hazina njia nyingine.

Alama za barabarani zinatisha kwa wingi wake lakini usianze na picha, anza na umbo na rangi. Nchi nyingi zinafuata mkataba wa Vienna wa 1968, kwa hiyo mara nyingi pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Marekani wao tahadhari ni almasi ya njano. Alama ya kusimama ina pembe nane na ile ya kutoa njia ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, na maumbo haya mawili yalitengwa na mengine kwa makusudi, hata bango liwe limejaa matope, hata uwe unaliona kwa nyuma, unajua yule anayekuja upande ule ameambiwa nini. Ukielewa hivyo, alama ambayo hujawahi kuiona maishani bado unaweza kuikisia vizuri.

Sasa kuna kitu nakipenda kuliko vyote kwenye huu mtihani nacho ni umbali wa kusimama, na ndicho watu wanachokipita haraka kwa sababu kina namba. Ukiwa spidi 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Unaona mtoto anakatiza, ubongo unashtuka, mguu unatoka kwenye mafuta unaenda kwenye breki, hiyo tu ni kama sekunde moja na wewe dereva uko makini, gari limeshakula mita 14 na breki hujaigusa bado. Ukiikanyaga kwenye lami kavu, tairi nzima na breki nzima, linaburuzika tena kama mita 14 ndo lisimame, jumla 28 hivi. Haya nenda spidi 100. Zile mita za kushtuka zinakuwa 28, mara mbili, hapo hakuna ajabu, lakini za breki haziwi 28, zinakaribia 55! Spidi ikizidi mara mbili breki inahitaji umbali mara nne, na jumla unafika kama mita 83. Nilimweleza mdogo wangu haya kwa mdomo akaitikia tu, nikamtoa nje kando ya barabara tukahesabu hatua ndefu, moja kama mita, kuanzia kwenye nguzo, tulivyofika kwenye 28 akageuka akaangalia tulikotoka akanyamaza, na tangu hapo hajakosa swali la spidi.

Na ukiishika hiyo utaona maswali mengine kibao yanajijibu yenyewe. Kwa nini simu hairuhusiwi? Kwa sababu ukiiangalia sekunde mbili tu kwa spidi 50 umeenda mita 28 huoni chochote. Kwa nini uache nafasi ya angalau sekunde mbili na gari la mbele na mvua ikinyesha uongeze mara mbili? Kwa sababu tairi haishiki vizuri kwenye lami yenye maji. Nafasi hiyo unaipima kirahisi, gari la mbele likipita nguzo unaanza kuhesabu, ukiifikia kabla ya kumaliza sekunde mbili umemsogelea mno.

Swali la nani apite kwanza nalo linaangusha wengi. Mpangilio wake ni huu, ishara ya mikono ya trafiki inashinda taa, taa zikiwa zinafanya kazi zinashinda mabango. Kwa hiyo wakikupa picha taa ni kijani na askari kanyoosha mkono kukuzuia, unasimama, usibishane. Kwenye raundabauti mara nyingi aliye ndani ndo ana haki, anayeingia anasubiri. Taa ya njano baada ya kijani haimaanishi kanyaga mafuta, maana yake simama, labda uwe umekaribia mno kiasi kwamba ukifunga breki ghafla utasababisha ajali.

Swali la pombe pia lazima utakutana nalo, eti kahawa au maji ya baridi yanaiondoa? Hapana. Ini ndo linafanya kazi hiyo na linaenda kwa mwendo wake, dawa ni muda tu. Kahawa itakupa mlevi aliye macho.

Kwenye kusoma, soma kidogo kidogo kila siku kuliko kukesha usiku mmoja. Swali ulilokosa usiandike herufi ya jibu, andika sababu kwa maneno yako mwenyewe, na ukiweza mweleze mtu kwa sauti, ukikwama katikati ujue hapo bado. Ukiwa abiria kwenye gari la mtu soma kila bango linalopita na ujiulize dereva anatakiwa afanye nini. Majaribio ya mazoezi nayo, usiridhike umefaulu mara moja, subiri mpaka uwe unafaulu mfululizo na nafasi inabaki.

Siku yenyewe beba vitambulisho walivyosema, na kama unavaa miwani usiiache nyumbani, sehemu nyingi wanakupima macho hapohapo. Soma swali mpaka neno la mwisho, hasa maneno kama "isipokuwa" na "kamwe". Ukiwa na uhakika usibadilishe jibu kwa woga, na ukikosa alama za kutosha uliza ni sehemu gani ilikuangusha kabla hujajiandikisha tena, ili usirudie kitabu kizima wakati tatizo ni alama za barabarani tu au ni haki ya njia.